Kikosi cha Yanga na cha Simba: ni kipi hasa kinacholinganishwa?

Siku chache kabla ya Dabi ya Kariakoo, sentensi moja husikika Peramiho kama inavyosikika kote nchini: "Kikosi cha Yanga ni bora kuliko Simba." Husemwa kwenye kijiwe cha bodaboda, kwa kinyozi na ndani ya kibanda umiza, zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam, na ubishi unaoifuata huweza kudumu hadi usiku. Wabishani huwa na habari za kutosha, kwani majina ya wachezaji wanayo kichwani hadi yule wa akiba wa mwisho. Kinachowakosesha mwafaka ni kwamba neno kikosi limebeba maana zaidi ya moja, na sentensi yenyewe haikutaja ni ipi inayokusudiwa.

Kasoro ya kwanza ni ya kisarufi. Sentensi hiyo inalinganisha kikosi, yaani kundi la wachezaji, na Simba, yaani klabu nzima pamoja na historia yake, wanachama wake na makao yake ya Msimbazi. Vitu hivyo havilingani. Kiswahili kina njia fupi ya kuliepuka jambo hili: "Kikosi cha Yanga ni bora kuliko cha Simba." Hiyo cha ya pili inabeba nomino iliyoachwa, na msikilizaji hujua kwamba kinachowekwa kwenye mizani ni kikosi kwa kikosi. Anayependelea kitenzi atasema "Kikosi cha Yanga kinakizidi kile cha Simba", na hapo atalazimika kuongeza kinazidi kwa nini: kwa kasi, kwa uzoefu, kwa idadi ya washambuliaji. Kitenzi zidi kisichofuatwa na kwa huacha swali hewani, na wapenzi wa soka ni hodari wa kulijaza pengo hilo kila mtu kwa jibu lake.

Majina ya klabu nayo yana upatanisho wake. "Simba imesajili kipa kutoka Guinea" ni tamko kuhusu klabu kama taasisi. "Simba wamechoka kipindi cha pili" ni tamko kuhusu wachezaji walio uwanjani. "Simba ameunguruma" humrudisha mnyama mwenyewe, na watangazaji huitumia kwa kusudi la kupamba. Zote tatu ni sahihi, lakini hazisemi jambo moja. Wakazi wa Peramiho hawahitaji kwenda mbali kupata mfano wa kufanana na huu. Maji yakimwagika, yamemwagika. Lakini Majimaji, klabu ya Songea yenye jina linalokumbusha vita vya 1905 hadi 1907, ikifungwa, imefungwa, na wachezaji wake, Wanalizombe, wamefungwa. Hakuna shabiki anayesema "Majimaji yamefungwa", hata aliyekerwa kiasi gani. Jina la pekee limeliacha umbo la nomino lilikotoka na kufuata maana ya kitu kinachotajwa.

Sasa neno lenyewe. Kamusi huingiza kikosi mara mbili: kikosi cha nyuma ya shingo, ambacho hakihusiki hapa, na kikosi cha watu, hasa askari waliopangwa kwa kazi fulani. Soka imelichukua hili la pili pamoja na safu, ulinzi na mashambulizi. Uwanjani, hata hivyo, limepata matumizi matatu yanayopishana. Kwanza, kikosi ni wachezaji 11 wanaoanza siku ya mchezo. Hiki ndicho kinachotajwa katika "kocha ametangaza kikosi". Pili, ni orodha nzima ya waliosajiliwa kwa msimu. Tatu, ni uwezo wa orodha hiyo kuhimili majeruhi, kadi na safari, na hapa ndipo linapozaliwa lile neno zuri, kikosi kipana. Waingereza wanapowaza jambo hili huona kina. Waswahili wameona upana, labda kwa kuwa mtu anayepanga safu huziona zikitanuka kushoto na kulia kabla ya kuziona zikishuka chini.

Msimu wa 2024/25 unaonyesha kwa nini tofauti hizo si za kitabuni tu. Yanga ilikuwa na Djigui Diarra wa Mali golini, Dickson Job na Ibrahim Hamad, anayejulikana zaidi kama Bacca, katika ulinzi, Khalid Aucho wa Uganda na Mudathir Yahya katikati, na mbele yao Pacome Zouzoua, Maxi Nzengeli, Stephane Aziz Ki, Clement Mzize na Prince Dube. Simba ilikuwa na Moussa Camara wa Guinea, Shomari Kapombe, Mohamed Hussein, Che Malone Fondoh, Fabrice Ngoma, Jean Charles Ahoua, Kibu Denis, Leonel Ateba na Steven Mukwala. Ahoua alimaliza ligi akiwa mfungaji bora kwa mabao 16. Katika dabi za ligi, Yanga ilishinda 1-0 tarehe 19 Oktoba 2024 na 2-0 tarehe 25 Juni 2025, na mchezo huo wa pili ndio ulioamua ubingwa. Anayesema kikosi cha Yanga kilikuwa bora akikusudia 11 wa siku ya dabi ana ushahidi usiopingika. Lakini Simba hiyohiyo ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwezi Mei 2025, ikafungwa na RS Berkane ya Morocco kwa jumla ya mabao 3-1, huku ikiwa bado inaukimbiza ubingwa nyumbani. Anayekusudia upana wa kikosi naye ana hoja. Wawili hawa wanaweza kukesha wakibishana bila hata mmoja kusema uongo.

Ugumu huongezeka wabishani wanapoingia katika nafasi moja moja. Neno kiungo lina umbo la ki-vi, lakini likitaja mtu hufuata upatanisho wa viumbe hai: "viungo wa Simba wamekaba vizuri". Mwandishi anayeandika "viungo vya Simba vimekaba" ametuletea mikono na miguu ya mnyama, au bizari na iliki za mpishi wa Msimbazi. Benchi nalo ni mtego: "benchi la Yanga ni zito" huweza kuwa sifa ya wachezaji wa akiba au ya makocha, ndiyo maana waangalifu hulitaja benchi la ufundi kwa jina lake kamili.

Neno linalostahili uangalifu kuliko yote ni mgeni. Kanuni za msimu huo ziliruhusu klabu kusajili wachezaji 12 wa kigeni, kwa hiyo kulinganisha vikosi huwa pia kuhesabu wazawa waliobaki na nafasi, na kijana anayecheza mpira kwenye viwanja vya Peramiho huisoma orodha kwa jicho hilo. Mchezaji wa kigeni ni wa nchi nyingine; mchezaji mgeni ni aliyefika karibuni, na katika kijiji kilichokulia kando ya misheni ya Wabenediktini iliyoanzishwa mwaka 1898, mgeni ni neno la heshima, la mtu anayepewa kiti. Clatous Chama wa Zambia alipohama kutoka Simba kwenda Yanga mwaka 2024, alikuwa mchezaji wa kigeni na mchezaji mpya, lakini kuiambia Ligi Kuu kwamba ni mgeni kungekuwa kichekesho: alikuwa ameizoea kuliko wazawa wengi.

Uhamisho wa namna hiyo huvuruga hesabu ya kulinganisha kuliko usajili wa kutoka nje, kwa kuwa mtu mmoja hupunguza upande huu na kuongeza upande ule kwa pamoja. Mwaka 2025 Mohamed Hussein, mzawa aliyekuwa nahodha wa Simba, naye alivuka kwenda Yanga. Vimilikishi vilihama naye. Waliokuwa wakisema "beki wao wa kushoto" wakaanza kusema "beki wetu", na upande wa pili ukalazimika kutafuta msaada wa kitenzi cha wakati uliopita: "aliyekuwa beki wetu".