Kinga, Nafuu na Tiba: Istilahi za Dawa za UVIKO wa Muda Mrefu

Tangu mwaka 2020 wafasiri wa habari za afya wamekabiliwa na jambo ambalo sayansi yenyewe haijalimaliza. Baadhi ya watu waliougua UVIKO-19 hawarudii afya yao ya awali. Hubakiwa na uchovu, kuishiwa pumzi, au kupungukiwa na kumbukumbu kwa miezi, na wengine kwa miaka. Dawa ya hali hiyo inatafutwa, lakini hadi tunapoandika makala haya hakuna hata moja iliyothibitishwa kuwa inaiponya. Kwa hiyo neno lililochaguliwa vibaya laweza kumfanya mgonjwa atumie fedha zake kununua tumaini lisilokuwapo. Tunakusudia hapa kuchambua istilahi chache zinazohitaji uangalifu.

1. Jina la hali yenyewe

Mwezi Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa fasili yake: ni hali inayompata mtu aliyeugua UVIKO-19, kwa kawaida miezi 3 tangu ugonjwa uanze, yenye dalili zinazodumu si chini ya miezi 2 na zisizoweza kuelezwa kwa ugonjwa mwingine. Wako wanaoandika "UVIKO sugu". Hatuliafiki jina hilo. Neno "sugu" hutumika kwa maradhi ya kudumu, lakini pia kwa vimelea visivyosikia dawa. Msomaji aweza kudhani kwamba hivi ni virusi vilivyoishinda dawa. "UVIKO wa muda mrefu" hutaja muda tu, wala halidai kujua chanzo, ambacho wataalamu wangali wanakichunguza.

2. Dawa ya nini?

Neno "dawa" lina uwanja mpana katika Kiswahili. Dawa ya meno husafisha meno, dawa ya mbu huua mbu, na dawa ya usingizi huleta usingizi. Kiunganishi "ya" hakisemi dawa inafanya nini. Msomaji hukamilisha maana kwa mazoea. Na penye jina la ugonjwa, kama katika "dawa ya malaria", mazoea humwambia kwamba dawa hiyo huuondoa ugonjwa. Hapo ndipo kosa huzaliwa.

Tuchukue mfano wa metformin, dawa inayojulikana sana kwa wagonjwa wa kisukari. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa Marekani kwa watu zaidi ya 1,100 wenye uzito uliozidi. Walianza kunywa vidonge mara walipoambukizwa UVIKO-19, yaani kabla hali ya muda mrefu haijaingia. Katika siku 300, waliogundulika kuwa na UVIKO wa muda mrefu walikuwa asilimia 6.3 ya waliopewa metformin, na asilimia 10.4 ya waliopewa plasibo yake. Kuandika kwamba metformin ni "dawa ya UVIKO wa muda mrefu" ni kumpotosha mtu aliyekwisha kuugua. Kilichochunguzwa ni kinga, si tiba.

Tena, tofauti hiyo ilitangazwa kuwa ni upungufu wa asilimia 41. Mfasiri aangalie viunganishi: hatari ilipungua kwa asilimia 41, haikupungua hadi asilimia 41. Wala haina maana kwamba watu 41 katika kila 100 waliokolewa. Yafaa viwango viwili vya asili viandikwe pamoja, ili msomaji apime mwenyewe.

3. Jaribio na plasibo

Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitoa matokeo ya jaribio la Paxlovid kwa watu 155 waliokuwa tayari na UVIKO wa muda mrefu. Wengine walipewa dawa hiyo kwa siku 15. Wengine walipewa vidonge vilivyokosa kiungo chake kikuu. Makundi hayo hayakuonyesha tofauti ya maana katika dalili. Si sahihi kusema kwamba "jaribio limeshindwa". Jaribio lilijibu swali lake. Ni dawa ambayo haikuonyesha manufaa, kwa kipimo hicho na kwa muda huo.

Plasibo nayo isiitwe "dawa bandia". Kwa raia, dawa bandia ni bidhaa ya matapeli, na mtu akisoma kwamba hospitali iliwapa wagonjwa dawa bandia ataliona jaribio zima kuwa ni udanganyifu. Tunashauri "plasibo", ikifuatwa na maelezo mafupi mara ya kwanza: kidonge kisicho na dawa, kinachotolewa kwa ridhaa ya washiriki ili kulinganisha.

4. Mapendekezo

Tunapendekeza matumizi yafuatayo:

Kinga: kinachozuia hali isitokee.
Nafuu: kupungua kwa dalili, hata kama chanzo kipo.
Tiba: hatua zinazochukuliwa kumhudumia aliyekwisha kuugua.
Kuponya: kuiondoa hali yenyewe.

Kabla ya kuandika "dawa ya", mfasiri ajiulize ni lipi kati ya hayo manne lililothibitishwa, kisha alitaje kwa kitenzi: inazuia, inatuliza, inatibu, au inaponya. Ikiwa hakuna lililothibitishwa, aandike "dawa inayofanyiwa majaribio". Maneno hayo ni marefu, lakini ndiyo ya kweli. Tunawaomba walimu, wafasiri na watumishi wa afya watuletee maoni yao juu ya mapendekezo haya.