Mwalimu, akili haijatulia! Utamwambiaje?

Wewe uliye kidato cha tano au sita, chuo ndiyo hicho kinakuja. Wengi mnauliza habari za ada, bumu na hosteli. Leo tuongee jambo ambalo wengi hawaulizi. Je, ukiwa chuoni ukapata sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, au wasiwasi mkali mpaka usingizi unakata, mwalimu atakusaidia au atasema unadeka?

Usidhani ni shida ya watu wachache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kijana 1 kati ya 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Ni ugonjwa kama magonjwa mengine, na una matibabu.

KWA NINI ANADAI KARATASI?

Tuseme rafiki yako hajalala wiki nzima, mikono inatetemeka, na kesho ana mtihani. Anamfuata mwalimu: "Naomba nifanye siku nyingine." Mwalimu anamjibu: "Lete karatasi ya daktari." Rafiki yako anaona huyu mwalimu ana roho mbaya. Siyo hivyo! Mtihani wa mwisho wa muhula unaahirishwa na chuo kwa kufuata kanuni zake, si na mwalimu peke yake. Tena yeye si daktari, na wapo wanaosingizia ugonjwa.

Yapo anayoweza kuyafanya mwenyewe: kukuongezea siku za kumaliza kazi, kukubadilishia zamu ya kuongea mbele ya darasa, au kukuelekeza kwa mshauri. Lakini hataweza kukupa maksi za huruma. Unaomba nafasi ya kuonyesha unachojua, basi.

UFANYEJE?

1. Nenda zahanati ya chuo au hospitali mapema. Usingoje mpaka uzidiwe.

2. Onana na ofisi ya mshauri wa wanafunzi, kisha andika barua kwa idara yako KABLA ya mtihani. Baki na nakala.

3. Ukilazimika kuahirisha masomo, na unasoma kwa mkopo, mwone pia afisa mikopo wa chuo.

Kwa nini kabla? Vyuo vingi, ukiwa na ruhusa, utafanya mtihani maalumu unaohesabiwa kama wa kwanza. Ukipotea kimya kimya unaweza kufeli somo zima. Na hata ukipewa sapu, kwa kawaida alama yake haizidi C. Umeona tofauti?

JE, LAZIMA NITAJE UGONJWA?

Kwa mwalimu, si lazima useme yote. Mwambie tu kwamba unaumwa, unatibiwa, na unahitaji nini. Kule Marekani, chini ya sheria za mwaka 1973 na 1990, vyuo vingi vina ofisi maalumu. Mwanafunzi anapeleka vyeti vya daktari huko, na mwalimu anapata barua inayosema, kwa mfano, "aongezewe muda", bila jina la ugonjwa. Kwetu Tanzania tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayokataza ubaguzi, na haihusu ulemavu wa viungo peke yake. Ila utaratibu wa kila chuo ni tofauti, kwa hiyo ukifika tu, soma kanuni za mitihani.

Jambo moja halina siri: ukimwambia mwalimu kuwa unawaza kujiua, ataita msaada. Usimchukie, anaokoa maisha yako.

ANZA SASA

Usisubiri chuo. Hapo shuleni yupo mwalimu wa ushauri nasaha, matroni au patroni. Jaribu sentensi hii: "Mwalimu, wiki mbili sasa silali na masomo hayapandi. Naomba unisaidie nimwone daktari." Ni fupi, haina aibu, na mtu mzima mwenye busara atakusikiliza. Asipokusikiliza wa kwanza, nenda kwa wa pili!