Mama, Msitu na Daftari la Binti

Mama mpendwa, kuni zikiisha jioni humtuma nani? Mara nyingi ni binti, naye huacha daftari lake.

Mwaka 1960 Jane Goodall alifika Gombe, Kigoma, kuchunguza sokwe. Alifuatana na mama yake, Vanne, aliyewagawia wavuvi dawa na kuuguza vidonda vyao. Kwangu mimi muuguzi, hapo ndipo ujirani mwema ulipoanzia.

Gombe ikawa Hifadhi ya Taifa mwaka 1968. Lakini nje ya mipaka yake vilima vilibaki vipara, maana watu walihitaji kuni na mashamba. Taasisi ya Jane Goodall, iliyoanzishwa mwaka 1977, ikatambua kwamba sokwe hawatapona iwapo jirani zao wana njaa. Mwaka 1994 ikaanza mradi wa TACARE vijijini: vitalu vya miche, mikopo midogo kwa akina mama, uzazi wa mpango, na msaada wa masomo kwa wasichana.

Jane alifariki Oktoba 2025, kazi inaendelea. Nasi Mungu ametukabidhi bustani yake tuitunze. Jumamosi hii panda mche na binti yako, kisha mwache akasome.