Kabla ya kununua pedi ya kufua, tazama kamba ya kuanikia

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuhusu pedi za kufua ni bei. Mimi huanza kwa kuuliza mengine. Nguo za ndani nyumbani kwako mnaanika wapi? Maji yanatoka kila siku au kwa mgao? Unalo beseni lako mwenyewe? Nikishapata majibu hayo, ninaweza kumwambia mwanamke kama pedi za kufua zitamfaa, kama afadhali ajaribu kikombe cha hedhi, au kama aendelee na za dukani kwa sasa. Wengi wanaoanza kisha wakaacha wanakwamishwa na ufuaji na uanikaji, mambo ambayo muuzaji huyagusia juu juu tu.

Bei tuimalize haraka. Tuseme pakiti ya pedi nane ni shilingi 2,500 na unatumia pakiti mbili kwa mwezi. Kwa mwaka hizo ni shilingi 60,000, na nyumba ya mama na mabinti wawili inafikisha 180,000. Pedi za kufua zikitunzwa huvuka mwaka kwa urahisi, na kikombe cha silikoni kinaweza kufika miaka kumi. Msitegemee kodi iwaokoe. Mwaka 2018 serikali ya Tanzania iliondoa VAT kwenye taulo za kike, na mwaka uliofuata ikairudisha kwa maelezo kwamba bei dukani haikushuka. Kenya iliiondoa tangu 2004, na bado wapo wasichana wengi wasiomudu pakiti.

Sasa pedi yenyewe. Wanawake wengi hupoteza mililita 30 hadi 40 za damu katika hedhi nzima. Ikizidi mililita 80 tunaihesabu kuwa nyingi kupita kiasi. Nyumbani hakuna anayepima kwa mililita, kwa hiyo angalia hivi: ukilazimika kubadili pedi iliyolowa chepechepe kila saa kwa saa kadhaa mfululizo, tatizo lako si aina ya pedi, nenda kituo cha afya. Kwa kawaida damu ya hedhi ni nzito na hutoka polepole. Ndiyo maana pedi ya kufua hutengenezwa kwa tabaka tatu: juu pamba laini isiyokwaruza, katikati kitambaa cha kunyonya kama cha taulo au flana, na chini kitambaa chepesi kisichopitisha maji. Kabla ya kununua, omba uimwagie ile ya mfano kijiko kimoja cha maji. Yakizama mara moja, vizuri. Yakiteleza kuelekea pembeni, irudishe mezani. Pedi mpya za pamba huenda zikahitaji kufuliwa mara moja mbili kabla hazijaanza kunyonya sawasawa.

Ufuaji una kanuni moja ambayo wengi huigeuza: maji ya baridi kwanza. Protini ya damu ikikutana na maji ya moto huganda ndani ya nyuzi, na doa halitoki tena. Iloweke pedi kwenye maji baridi, ikamue, mwaga, rudia hadi maji yatoke meupe, kisha ndipo uifue kwa sabuni ya kawaida na kuisuuza mpaka povu liishe. Sabuni iliyobaki ndiyo huleta muwasho ambao watu huudhania kuwa ni ugonjwa. Jiki iache, maana hula ile tabaka ya chini na kuunguza ngozi. Dawa ya kulainisha nguo nayo iache, kwa sababu hupaka nyuzi utando, na kitambaa kikianza kuteleza hakinyonyi.

Halafu jua. Hapa ndipo ninapowaomba akina mama wawe wakweli, kwa sababu hapa ndipo afya za mabinti zinapoharibika. Katika nyumba ya kupanga yenye uwanja mmoja na wapangaji sita, msichana hawezi kutundika pedi mbele ya kaka za watu. Ataificha chini ya godoro, nyuma ya kabati, ndani ya begi la shule. Huko haikauki. Asubuhi ataivaa ikiwa na unyevu, na unyevu ule huchubua mapaja na kukaribisha fangasi. Tandazeni kanga nyepesi juu ya kamba, pedi ziwe chini yake. Hewa itapita, joto litapita, na jirani ataona kanga tu. Masika yakikaa siku tatu bila jua, vitambaa vya pamba tupu vinaweza kupigwa pasi ya moto pande zote mbili hadi vikauke kabisa. Pedi yenye tabaka isiyopitisha maji haipigwi pasi, itayeyuka. Nyumba ambayo haina kamba, haina pasi na haina jua la kutosha, bila aibu yoyote, ibaki na pedi za dukani au ifikirie kikombe.

Kikombe si kitu kipya. Mmarekani Leona Chalmers alipata hataza ya kikombe cha mpira mwaka 1937, ingawa kilienea baadaye sana, silikoni ilipoingia sokoni. Mwaka 2019 jarida la The Lancet Public Health lilichapisha mapitio ya tafiti 43 zilizohusisha wanawake na wasichana zaidi ya 3,300, na ilionekana kwamba kikombe huvuja sawa na pedi au tamponi, au pungufu yake. Huhitaji kamba wala jua. Unakikunja, unakiingiza ukeni, kinafunguka chenyewe na kukusanya damu. Unakimwaga mara mbili kwa siku, ukiwa umenawa mikono kwa sabuni, na hedhi ikiisha unakichemsha katika sufuria yake ya pekee kwa dakika tano. Mapitio hayo yalionyesha pia kwamba mtu huhitaji miezi kadhaa kukizoea, kwa hiyo usikitupe baada ya mwezi wa kwanza wa kuhangaika. Mwenye kitanzi cha uzazi azungumze kwanza na mtoa huduma, kwani kukivuta kikombe bila kukibonyeza ili kiachie kunaweza kusogeza kitanzi. Kwa binti ambaye hajaanza kujamiiana, kinaweza kutanua utando wa ukeni. Familia inayolijali hilo ina haki ya kuambiwa kabla ya kununua.

Nimefika kwenye jambo linaloniuma zaidi. Wapo wanawake wanaonunua pedi kila wiki ilhali hedhi ilishakoma miaka mingi. Wanavuja mkojo. Wakikohoa, wakicheka, wakijitwika ndoo, tone linatoka, na kwa kuwa duka la mtaani lina pedi, wananunua pedi. Mama mmoja aliniambia kwa sauti ya chini, “Mwanangu, huu si ndio uzee wenyewe?” Hapana, mama. Ni misuli ya nyonga iliyolegea baada ya uzazi mwingi na kazi nzito, na misuli hufundishika.

Pedi ya damu haikutengenezwa kwa mkojo. Kibofu kikijiachia chote hutoa mililita 300 au zaidi kwa muda mfupi, yaani mara kadhaa ya damu ya hedhi nzima. Pedi haiwahi kunyonya, maji hupita pembeni, nguo inalowa na mtu anaacha kwenda msibani au ibadani. Kwa mkojo, tafuta chupi maalumu za kufua au pedi nene zenye kitambaa kinachonyonya haraka, na badilisha mara tu inapolowa. Harufu inayowatisha watu si ya mkojo mpya. Huja baadaye, bakteria wanapoivunja yurea na kutoa amonia, ambayo pia ndiyo inayochoma ngozi. Ukishaisuuza pedi, iloweke kwenye maji yenye siki kidogo kabla ya kuifua. Kitandani, mpira ule ule anaonunuliwa mama anayekwenda kujifungua, ukiwekewa taulo kuukuu juu yake, unaokoa godoro kwa gharama ndogo sana. Haya yote yanawahusu wanaume pia, hasa baada ya upasuaji wa tezi dume, ila wao huchelewa zaidi kusema.

Wengine hujinyima maji ili wasivuje. Ni kujiumiza bure: mkojo mzito hukera kibofu na kukifanya kijikunje mara nyingi zaidi, na choo kigumu hukikandamiza. Kunywa maji yako, fanya mazoezi. Kaza misuli kana kwamba unazuia mkojo na hewa kwa pamoja, usikaze tumbo wala makalio, hesabu hadi tano, legeza kabisa. Rudia mara nane, asubuhi, mchana na jioni, kwa miezi mitatu bila kuruka. Daktari Mmarekani Arnold Kegel alieleza mazoezi haya mwaka 1948, na hadi leo ndiyo tunayoanza nayo kabla ya dawa au kisu.

Kuna uvujaji ambao hakuna pedi wala mazoezi yatakayoutibu. Mama aliyekaa na uchungu muda mrefu akajifungua kwa shida, kisha mkojo ukawa unatiririka mchana na usiku bila kukoma, huenda ana fistula, tundu kati ya kibofu na uke. Hushonwa kwa upasuaji. Hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam imewatibu wanawake wengi wa aina hii bila kuwatoza fedha. Vilevile mkojo wenye damu, maumivu wakati wa kukojoa, au uvujaji ulioanza ghafla pamoja na ganzi miguuni, usisubiri. Ukimjua mwanamke anayelalia matambara peke yake chumba cha nyuma, mpelekee mpira na taulo leo, na kesho umsindikize kliniki.