Stoo na faili pia huokoa maisha hospitalini

MGONJWA anapocheleweshwa hospitalini, wengi hunyooshea daktari kidole. Aghalabu chanzo kiko kwingine: faili haionekani, shuka hazijatoka kwa dobi, au dawa imo stoo ila imefichwa na makasha matupu.

Uzito wa suala hili unadhihirika mjini Eldoret. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, iliyoanza mnamo 1917 ikiwa hospitali ndogo, hutegemewa na wakazi wengi wa magharibi mwa Kenya. Penye msongamano kama huo, dakika 5 za kusaka faili, zikizidishwa kwa wagonjwa 100, ni zaidi ya saa 8.

Februari 2006, mpango wa AMPATH, unaounganisha hospitali hiyo, Chuo Kikuu cha Moi na washirika wa Marekani, ulianza kutumia mfumo wa OpenMRS kuhifadhi kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta.

Hata hivyo, kompyuta pekee haitoshi. Penye vurugu, mashine huharakisha vurugu hizo. Ndipo hospitali nyingi zikaazima mbinu za kiwanda cha magari cha Toyota, Japani, ambazo msingi wake ni kuondoa kila kisichomfaa mteja: kusubiri, kutembea bure, kulimbikiza bidhaa na kurudia kazi.

Nchini Tanzania, Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza kuzitumia mnamo 2007 kwa msaada wa shirika la Japani, JICA. Watumishi walifunzwa S tano: sasambua, yaani tenga visivyohitajika, seti, kila kitu kiwe na mahali pake, safisha, sanifisha, utaratibu uwe mmoja kwa wote, na shikilia, usirudi nyuma. Kenya nayo iliziingiza katika mwongozo wake wa ubora wa huduma za afya wa 2011.

S ya tano ndiyo ngumu kuliko zote. Rafu hupangwa kwa siku moja, lakini mazoea hurejea upesi wakubwa wakigeuza kisogo. Isitoshe, mfagiaji au karani akishuku kuwa kuondoa hasara ni hila ya kumwachisha kazi, ataficha kasoro anazozijua kuliko meneja yeyote. Hivyo basi, usimamizi unaotaka mageuzi ya kudumu hauna budi kwanza kumhakikishia ajira yake, kisha umsikilize.