Kumfunza Mzee Usukani Si Kumvunjia Heshima

Kiswahili kina hazina kubwa ya maneno ya kumstahi mzee. Tunamwamkia kwa shikamoo, tunampisha kitini na kumpokea mzigo. Hata hivyo, katika miaka yote niliyofundisha lugha hii, sijapata kauli ya adabu ambayo mtoto aweza kuitumia kumwambia babake: usukani sasa unakushinda.

Niliyathibitisha haya mwaka uliopita katika gari la baba yangu, mwalimu mstaafu wa miaka 76. Jioni hiyo mwanafunzi alikuwa akivuka barabara, na baba hakumwona hadi nilipopiga ukelele. Alifunga breki, mtoto akanusurika. Tulifika nyumbani kimya, na hadi leo hatujalizungumzia jambo hilo. Heshima iliniziba kinywa. Lakini je, heshima hiyo ingemfaa nini mama wa mtoto yule?

Wajapani, ambao magari yao yaliyotumika yamejaa katika barabara zetu, wamelitafutia suala hili jawabu. Dereva aliyetimiza miaka 70 hana budi kuhudhuria mafunzo kabla ya kupewa leseni mpya. Mafunzo hayo huchukua takriban saa 2: somo la darasani, upimaji wa macho, na kuendesha gari mkufunzi akiwa kando. Aliyetimiza miaka 75 hupimwa pia kumbukumbu. Na tangu Mei 2022, wa umri huo waliopatikana na makosa fulani ya barabarani hutakiwa kufaulu mtihani wa udereva.

Ukali huo una sababu. Mnamo Aprili 2019, mtaani Ikebukuro jijini Tokyo, mzee wa miaka 87 alikanyaga mafuta badala ya breki, akawaua mama na bintiye wa miaka 3. Mahakama ilibainisha hivyo mwaka 2021, ingawa mwenyewe alishikilia kwamba gari ndilo lililokuwa na hitilafu. Aghalabu anayedhoofika huwa wa mwisho kutambua.

Nchini Marekani, chama cha AARP kilianzisha mafunzo ya hiari mwaka 1979. Hayana mtihani, na katika majimbo mengi anayehitimu hupunguziwa ada ya bima.

Wapo watakaodai kwamba vijana ndio wanaoendesha kwa pupa. Ni kweli, lakini dosari ya kijana haiondoi ya mzee. Taa za usiku humtia kiwi, shingo hukakamaa, na baadhi ya dawa humletea usingizi. Mengi ya haya yana namna ya kukabiliwa: kuacha safari za usiku, kuacha nafasi kubwa nyuma ya gari la mbele, kumwuliza daktari kuhusu dawa.

Sheria inayowaita marika wote huondoa aibu. Hakuna mtoto anayemshtaki mzazi, wala mzee anayenyoshewa kidole peke yake. Sisi walimu huwahimiza wanafunzi kwamba elimu haina mwisho. Basi na tukubali kuketi tena darasani. Baadhi yetu tutaambiwa humo kwamba wakati wa kuteremka umewadia. Asiyekubali kushindwa si mshindani.

Nami, kabla sheria kama hiyo haijatufikia, sina budi kumwendea baba na kuyatafuta maneno.