Muziki shuleni una faida kuliko vikombe vya mashindano

Kila muhula wa pili, mazoezi ya nyimbo hupamba moto katika shule nyingi nchini. Mwalimu husikiliza sauti, huteua wanafunzi wachache watakaoiwakilisha shule mashindanoni, na kuwarudisha wengine darasani.

Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, limekuza vipaji vingi. Hata hivyo, wanaorudishwa darasani ndio wengi, na aghalabu huo huwa mwisho wa safari yao katika muziki. Wanachokosa ni kikubwa kuliko kikombe.

Mtoto hujifunza lugha kwanza kwa sikio. Kabla ya kusoma maneno 'pata' na 'bata', sharti atambue kwamba sauti zake za mwanzo ni tofauti. Muziki hulinoa sikio hilo, kwani humzoesha kutofautisha sauti ya juu na ya chini, ndefu na fupi.

Mwaka 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, wakiongozwa na Nina Kraus, walichapisha matokeo ya uchunguzi kuhusu watoto wa familia za kipato cha chini jijini Los Angeles. Baada ya miaka miwili ya mafunzo ya muziki, ubongo wa watoto hao ulitofautisha sauti za matamshi vyema zaidi. Mwaka mmoja pekee haukuleta mabadiliko hayo.

Mwalimu wa Kiswahili naye hufaidika. Mwanafunzi aliyezoea kupiga makofi kwa kufuata mapigo hapati taabu kugawa neno katika silabi, wala kuhesabu mizani ya shairi. Katika Hisabati, noti nzima inayogawika kuwa nusu, robo na thumni humwonyesha maana ya sehemu kwa njia anayoweza kuisikia.

Aidha, kuimba au kupiga ala pamoja na wenzake humfunza mtoto kusubiri zamu yake, kuwasikiliza wengine na kurudia jambo hadi alimudu. Katika mtaa wa Korogocho, Nairobi, mradi wa Ghetto Classics umekuwa ukiwafunza watoto na vijana kupiga ala za okestra tangu mwaka 2008.

Hata hivyo, wazazi wajihadhari na ahadi zilizotiwa chumvi. Mwaka 1993, watafiti wa California waliripoti kwamba wanafunzi waliosikiliza muziki wa Mozart kwa dakika 10 walifanya vyema zaidi katika maswali ya kuwaza maumbo. Manufaa hayo yalitoweka muda mfupi baadaye, na waliopimwa walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu, si watoto wachanga. Lakini kufikia mwaka 1998, gavana wa jimbo la Georgia, Zell Miller, alikuwa akipendekeza kila mtoto anayezaliwa huko apewe kanda au diski ya muziki wa aina hiyo.

Mwaka 2004, Glenn Schellenberg wa Kanada alichapisha utafiti kuhusu watoto 144 wa umri wa miaka sita. Waliofunzwa kinanda au kuimba walipanda kidogo zaidi katika vipimo vya akili kuliko wenzao. Wataalamu wengine wangali wanatilia shaka ukubwa wa athari hiyo. Kwa hivyo, muziki si dawa ya kumfanya mtoto awe mwerevu kwa siku moja. Faida yake humjia anayeshiriki mwenyewe, kwa muda mrefu.

Muziki ulipoacha kutahiniwa katika KCPE, chini ya mfumo wa 8-4-4, shule nyingi zilitumia vipindi vyake kufunzia masomo mengine. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa mwaka 2019, unautambua muziki kama sehemu ya masomo ya sanaa. Kazi iliyobaki ni kuhakikisha kipindi hicho kinafunzwa kwa hakika, na kwa kila mtoto.

Ukosefu wa piano usiwe kisingizio. Ngoma, kayamba, filimbi na viganja vya mikono vyatosha kuanzia. Nyumbani, mzazi anaweza kuimba na mwanawe nyimbo za lugha ya mama bila kutumia hata shilingi moja.

Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto anayerudishwa darasani kwa sababu hawezi kushika sauti ndiye hasa anayehitaji kufunzwa kusikiliza.